Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi floridi

Mama mmoja wa Usa River, karibu na Arusha, ameniandikia kwamba binti yake wa kidato cha pili amerudi nyumbani na daftari la kemia linalosema florini ni gesi yenye sumu kali, ilhali maji ya kisima wanachochota yamepimwa na kukutwa na floridi. Anauliza kama vitu hivi viwili ni kimoja, na kama ni kimoja, inakuwaje watu wayanywe maji hayo miaka yote bila kuanguka. Anaongeza kwamba yeye huchemsha maji kila jioni, na kwamba birika lake limeota ukoko mweupe ndani. Je, ukoko huo si ndiyo floridi inayotoka, na akichemsha kwa muda mrefu zaidi haitakwisha yote?

Mama, nitangulize jibu kisha nieleze sababu zake, kwa kuwa sababu zenyewe ndizo zitakazomsaidia binti yako darasani na kukusaidia wewe jikoni. Kuchemsha hakuondoi floridi, na kuchemsha kwa muda mrefu kunaizidisha katika kila kikombe kinachobaki. Ukoko ule kwa sehemu kubwa si floridi. Florini na floridi zina kiini kimoja cha atomu, lakini tabia zao ni tofauti kabisa. Hata hivyo usiache kuchemsha, maana moto unaua vimelea vya kuhara na homa ya matumbo, na hiyo ni kazi ambayo moto unaiweza vizuri sana.

Kila kitu chenye uzito na kinachochukua nafasi, yaani maada, kimejengwa kwa atomu. Katikati ya atomu pana kiini chenye protoni, zilizo na chaji chanya ya umeme, na neutroni, zisizo na chaji, na nje ya kiini zipo elektroni, zilizo na chaji hasi. Kinachoamua atomu ni ya elementi gani ni idadi ya protoni peke yake: yenye protoni 1 ni haidrojeni, yenye 8 ni oksijeni, yenye 9 ni florini, yenye 20 ni kalsiamu. Florini tunayoikuta katika maumbile ni ya aina moja tu, yenye protoni 9 na neutroni 10, na ndiyo maana katika jedwali la elementi uzito wake unakaribia sana 19 kamili na si namba ya katikati kama 35.5 ya klorini. Moto wa mkaa, moto wa gesi, tindikali, jua kali, mambo hayo yote hayafiki kwenye kiini. Yanachoweza kugusa ni elektroni za nje, na kemia yote ya jikoni na ya maabara ya shule inafanyika huko nje. Kwa hiyo atomu ya florini iliyoingia katika maji ya kisima chako itabaki kuwa ya florini hata ufanye nini jikoni. Unaweza kuihamisha au kuiunganisha na kitu kingine, lakini huwezi kuiunguza ikaisha. Antoine Lavoisier, Mfaransa, aliliweka wazi jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1789 alipoonyesha kwamba uzito wa vitu kabla ya badiliko la kikemia ni sawa na uzito wake baada ya badiliko hilo, na bado nadhani hakuna kanuni inayomfaa mwanafunzi wa kemia kuliko hiyo.

Sasa tuangalie elektroni. Atomu ya florini ina elektroni 9, mbili katika ganda la ndani na saba katika ganda la nje, na ganda hilo la nje linatulia likiwa na nane. Imepungukiwa moja tu, na kwa kuwa ganda lenyewe liko karibu sana na kiini, mvuto wa kuipata hiyo moja ni mkubwa kupita wa elementi nyingine yoyote. Atomu mbili za florini zikiwa pamoja hushirikiana jozi ya elektroni, na hapo tunapata gesi yenye rangi ya njano iliyofifia, gesi ambayo daftari la binti yako linaisema. Kifungo kati ya atomu hizo mbili ni dhaifu, na kila moja iko tayari kuachana na mwenzake ili ichukue elektroni kwa kitu chochote kilicho jirani, iwe ni mbao, maji, chuma au pafu la mtu. Wanakemia kadhaa wa karne ya 19 waliumia, na wengine walikufa, katika kujaribu kuitenga. Aliyefaulu ni Henri Moissan, jijini Paris, mwaka 1886, kwa kupitisha umeme katika vyombo vya platini, na mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Gesi hiyo huwezi kuikuta kisimani. Kwa ukali wake wa kutafuta elektroni, ingekuwa imekwisha kuipata zamani sana.

Na ikishaipata, hali inabadilika. Atomu inakuwa na protoni 9 na elektroni 10, inabeba chaji hasi moja, na ganda lake la nje limejaa. Atomu au kundi la atomu lenye chaji huitwa ioni, na ioni hii ndiyo floridi. Haina tena haja ya kunyang'anya elektroni, haina rangi, haina harufu, na imo ndani ya maji ikiwa imezungukwa na molekuli za maji pande zote. Binti yako anaijua habari ya namna hii kupitia chumvi ya mezani: klorini ni gesi iliyotumika kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, na sodiamu ni metali inayowaka ikitupwa majini, lakini ioni za viwili hivyo zikiwa pamoja tunazitia kwenye ugali wa mtoto wa miaka miwili. Tabia ya kitu inatokana na jinsi elektroni zake zilivyopangwa, na badiliko la elektroni moja linatosha kutenganisha gesi inayounguza pafu na ioni inayokaa majini kimya.

Kutulia kwa floridi hakumaanishi kwamba haina madhara, na hapa kipimo ndicho kinachoamua. Kiasi kidogo kinaimarisha jino, na ndiyo sababu dawa nyingi za meno zimewekewa floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine ya kugeukia, na baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yanapita hapo, mengine kwa mbali.

Tuchukulie kwamba maji yako yana miligramu 3 kwa lita. Kila lita inayo ioni za floridi zipatazo trilioni milioni 95, idadi isiyoweza kufikirika, na bado maji yanaonekana safi kwa sababu molekuli za maji ni nyingi zaidi sana: kwa kila ioni moja ya floridi zipo molekuli za maji laki tatu na nusu hivi. Ukiweka lita 2 kwenye birika, umeweka miligramu 6 za floridi. Chemsha hadi zibaki lita moja na nusu. Nusu lita iliyopotea imetoka kama mvuke, na mvuke ni molekuli za maji tupu, kila moja ikiwa na atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, zilizoachana na wenzake na kupaa. Floridi haikuondoka nazo. Miligramu 6 zilezile sasa zimo ndani ya lita moja na nusu, na ukigawanya unapata miligramu 4 kwa lita. Umeanza na 3, umemaliza na 4. Ni sawasawa na mchuzi uliozidi chumvi: kadiri unavyozidi kuuacha motoni ndivyo chumvi inavyozidi kukolea, na kila mpishi anajua kwamba dawa yake si moto.

Kwa nini floridi haipai na mvuke? Kwa sababu kupaa kunahitaji kuachana na vinavyokushika, na ioni inashikwa kwa nguvu nyingi kuliko molekuli ya maji inavyoshikwa na wenzake. Kwenye miinuko ya Arusha maji yanachemka kwenye nyuzijoto 95 au 96 hivi, chini kidogo ya 100 ya Tanga au Dar es Salaam, maana hewa ya huku juu ina mgandamizo mdogo. Sodiamu floridi, chumvi ambayo ingebaki kama ungekausha maji yenye ioni hizo mbili peke yake, inayeyuka kwenye nyuzijoto 993 na inachemka karibu na 1,700. Hakuna jiko la nyumbani linalokaribia hapo, na maji yenyewe hayaruhusu birika lipite kiwango chake cha kuchemka mpaka yaishe.

Niseme habari ya ukoko, kwa sababu umetazama vizuri na swali lako ni la haki. Maji ya ardhini hubeba kalsiamu na magnesi pamoja na ioni za haidrojeni kaboneti. Yakipashwa moto, haidrojeni kaboneti huvunjika, gesi ya kaboni dioksidi hutoka, na kinachobaki ni kaboneti, ambayo ikiungana na kalsiamu haiyeyuki tena majini; inaganda kwenye ukuta wa birika. Ukitaka kuthibitisha, kwangua ukoko kidogo, uweke kwenye kijiko, udondoshee siki au ndimu. Utaona mapovu madogo yakipanda na ukoko ukipungua, na mapovu hayo ni kaboni dioksidi ikitoka katika kaboneti. Sehemu ndogo ya floridi inaweza kunaswa humo wakati ukoko unajijenga, lakini ni ndogo mno kwa mtu kuitegemea. Tena yafaa kutambua kwamba kalsiamu ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuishika floridi, nayo ndiyo inayotangulia kutoka.

Hapo tumefika kwenye jambo ninalolipenda sana katika somo hili, nalo ni ugomvi wa kalsiamu na floridi kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine. Sodiamu floridi inayeyuka majini kwa urahisi, kiasi cha gramu 40 katika lita moja. Kalsiamu floridi inayeyuka miligramu 16 tu kwa lita. Ioni ya kalsiamu ina chaji chanya mbili na ioni ya floridi ni ndogo, kwa hiyo zinakaribiana sana na kushikana kwa nguvu ambayo molekuli za maji haziwezi kuishinda kirahisi. Sasa fikiria miamba ya Meru. Ni miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi na floridi ya kutosha. Mvua inanyesha, inapenya, inakaa ndani ya majivu na miamba hiyo kwa muda mrefu, na inatoka kwenye chemchemi ikiwa na sodiamu tele, haidrojeni kaboneti tele, na kalsiamu kidogo. Floridi imeyeyuka na haijakuta wa kuizuia. Laiti maji hayo yangekuwa na kalsiamu nyingi, floridi kubwa namna hiyo isingebaki ndani yake. Ndiyo maana pia chemchemi mbili za jirani zinaweza kutofautiana sana: moja imepita kwenye mwamba wa aina hii, nyingine imeteremka haraka kutoka kwenye msitu. Kwa upande wa Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mambo ni yaleyale, kwamba hakuna anayeweza kuyajua maji kwa kuyaonja au kwa kuyalinganisha na ya jirani.

Mwili nao unafuata kanuni hiyohiyo ya kalsiamu. Floridi ikifika tumboni, penye tindikali, sehemu kubwa hushika haidrojeni na kuwa molekuli isiyo na chaji, nayo hupenya ukuta wa tumbo na kuingia damuni. Binti yako asihofu kwamba huko inageuka kuwa gesi ya florini. Elektroni yake ya kumi haijatoka. Kutoka damuni, sehemu hutoka na mkojo na sehemu huenda mahali penye kalsiamu nyingi, yaani mifupa na meno, ambako ndiko iliko asilimia 99 hivi ya floridi yote ya mwili. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti yenye ioni za haidroksidi (atomu moja ya oksijeni na moja ya haidrojeni, zikibeba chaji hasi moja) ndani yake, na ioni ya floridi, ikiwa na chaji ileile na ukubwa unaokaribiana, inaingia katika nafasi ya haidroksidi. Ikiingia kidogo, jino linakuwa gumu zaidi dhidi ya tindikali. Ikizidi wakati jino bado linajengeka ndani ya ufizi wa mtoto, gamba la nje la jino linatengenezwa likiwa na vinyweleo, linatoka na mabaka meupe, na baadaye linaingia rangi ya kahawia. Kwa hiyo umri wa hatari kwa meno ni tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi. Meno ya mtu mzima hayabadiliki tena kwa maji anayokunywa leo, wala hayawi meupe akihama. Kwa mtu mzima hatari iliyobaki ni ya mifupa na viungo, nayo hutokea kwa wanaokunywa kiwango kikubwa kwa miaka mingi. Inaniuma sana kuona vijana wa kwetu wakifunika mdomo kwa kiganja wanapocheka, kana kwamba ni uchafu wao. Si uchafu, na mswaki hauhusiki.

Kama mfupa wa mtu unashika floridi, mfupa wa ng'ombe nao unaishika, na hiyo ndiyo njia iliyofanyiwa kazi zaidi hapa kwetu. Kituo cha utafiti wa uondoaji floridi cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji na hakiko mbali nawe, kimeshughulika na mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela kule Tengeru nayo inafanya utafiti wa maji haya. Mifupa husafishwa, huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, kisha husagwa kuwa punje na kuoshwa. Uchomaji ndio wenye ufundi. Mfupa usioiva huacha mafuta na nyama iliyoungua, na maji yanatoka na harufu na rangi ya manjano. Mfupa uliopitiliza hugeuka mweupe kama chokaa, vinyweleo vyake vidogo vinaziba, na uwezo wake wa kushika floridi unashuka. Unaotakiwa ni mweusi au wa kijivu, mwepesi, usio na harufu. Maji yakipita taratibu kati ya punje hizo, ioni ya floridi inaingia mahali pa haidroksidi, na haidroksidi inatoka majini. Kama kuna mtu nyumbani ambaye kwa imani yake ni lazima ajue mfupa ni wa mnyama gani, aulize kabla ya kununua. Ni haki yake, na mtengenezaji mwaminifu atamjibu.

Angalia kwamba hapa hatukuchuja kwa kuzuia. Chujio la udongo au la mchanga linazuia kitu kwa sababu ni kikubwa kuliko tundu lake, na bakteria ni mkubwa wa kutosha. Ioni ya floridi ni ndogo kuliko bakteria mara elfu kadhaa, na zaidi ya milioni tatu zake zinaweza kupangwa mstari mmoja katika milimita moja. Inapita kwenye mchanga, kitambaa na chujio la mshumaa bila kizuizi. Dawa ya klorini nayo inaua vimelea na kuiacha floridi ilivyo. Njia nyingine zinazofanya kazi ni kukusanya mvuke na kuupoza, mashine zinazosukuma maji kupita utando wenye vitundu vya kiwango cha molekuli, na shabu pamoja na chokaa, ambazo hutengeneza mabonge yanayoinasa floridi na kuzama nayo. Hii ya shabu nakuomba usiijaribu kwa kukadiria, kwa sababu kipimo kikikosewa unabaki na alumini majini, na floridi iko palepale.

Ningekuwa katika nafasi yako, ningefanya hivi. Ningepeleka sampuli katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara, ndani ya chupa ya plastiki na si ya kioo, nijue namba yangu halisi badala ya hii 3 niliyoitolea mfano. Ningetenga maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupika, hasa kwa watoto wadogo, kwa kuwa mvua ni mvuke uliopoa na floridi yake ni kidogo sana. Bati liwe safi na maji ya mwanzo yamwagwe. Ningepunguza magadi kwenye makande, kiburu na maharage, maana magadi ya maeneo haya hubeba floridi yake yenyewe, na yakiingia chunguni yanajumlishwa na ya maji. Maji ya kufua, kuoga na kumwagilia yabaki ya kisimani. Maji ya kunywa yachemshwe kama unavyofanya, yakianza kutokota vizuri uyaepue, usiyaache yapungue.

Ukichagua chujio la mkaa wa mifupa, muulize anayekuuzia litahudumu kwa lita ngapi za maji ya kiwango chako, na umtake akuandikie. Punje zina nafasi za kuhesabika za kupokea floridi. Zikijaa, maji yanapita yakiwa na floridi yote, na hayatabadilika rangi, harufu wala ladha ili kukujulisha. Kwa hiyo peleka tena sampuli, safari hii ya maji yaliyotoka kwenye bomba la chujio, kabla lita hizo hazijaisha, na namba ikianza kukaribia 1.5 badilisha punje.